Nyota Inayopumua Juu ya Makongeni

Jumamosi, 1 Septemba 1984

Siku njema. Ugali wa njano tena, lakini Perez aliusonga vizuri na sukuma wiki ilikuwa na nyanya. Mke wangu ana mkono wa mapishi. Nimeshiba, kwa hiyo naandika.

Alasiri nilikwenda ukumbi wa jamii kumsikiliza Dakta Kanyiva, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu. Mama mfupi, miwani minene, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mada: nyota. Mwanzoni watu walijaa wakidhani ni mgao wa unga wa msaada. Walipoona picha za anga ukutani wakaanza kuondoka. Mimi nilibaki kwa sababu Bedan Njogu alibaki.

Bedan ni jirani yangu. Yeye karani wa tiketi, mimi karani wa stoo, sote watu wa reli. Ni mwenyekiti wa kwaya yetu na anaimba besi kama mtu anayeburuta kabati. Mimi ni katibu wake. Alinishinda kwenye uchaguzi, na uchaguzi ulikuwa wa haki. Ndiyo maana unaniuma.

Dakta alieleza kwamba nyota karibu zote zimejaa haidrojeni. Lakini ziko chache ambazo haidrojeni yao imekwisha, zimebaki na heliamu na kaboni. Nikaelewa mara moja. Ni kama sisi mwaka huu wa ukame: unga mweupe hakuna, tunaishi na uliopo. Moja ya nyota hizo inaonekana kutoka hapa kwetu, na ina tabia ya kupwita. Inafura, inanywea, inafura tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Pumzi moja huchukua wiki tano na kitu. Ikipumua hivyo, mwangaza wake huongezeka kidogo, kisha hupungua kidogo.

Bedan akauliza mtu anajuaje kwamba inafura ilhali ni nukta tu. Swali zuri. Nilikuwa karibu kuliuliza.

"Ninyi ni watu wa reli," Dakta akasema. "Treni ikija huku inapiga honi, sauti mnaisikia nyembamba. Ikishawapita, inakuwa nene. Mwanga nao ni hivyo hivyo. Uso wa nyota ukija upande wetu, rangi zake husogea kidogo kuelekea buluu. Ukirudi nyuma, husogea kuelekea nyekundu. Wenzangu walioko Chile wana darubini kubwa, wanaupima huo mwendo. Mimi natafuta watu wa kupima mwangaza, kila jioni."

Bedan akanyoosha mkono. Nikanyoosha wangu juu zaidi.

Mwisho wa mwezi Dakta atamchagua mmoja wetu. Huyo atakabidhiwa darubini ya bomba ikae kwake mwaka mzima, awaonyeshe watu wa mtaa mbingu, na jina lake litachapishwa kwenye jarida la wataalamu. Jina langu, kwenye chapa. Nilijiona nikilionyesha jarida hilo kanisani bila haraka, kama mtu anayelipita tu. Mwishoni Dakta aliongeza jambo fulani kuhusu masizi, ila chai ilikuwa imeletwa na sikulisikia vizuri.

Jumatatu, 3 Septemba

Dakta ametuazima darubini za macho mawili, mimi moja, Bedan moja. Zinafanana kabisa isipokuwa kamba. Yangu nyeusi, yake ya kahawia. Pia ramani ya nyota na karatasi ya kujaza kila juma.

Kazi ni rahisi. Giza likiingia unatazama kusini, juu. Kuna nyota zimejipanga kama birika la chai. Unashuka kidogo chini ya mpini wake, na hiyo hapo. Jirani zake hazibadiliki mwangaza, kwa hiyo unalinganisha: nyota yetu inamzidi huyu, haimfikii yule. Ni kama kuwapanga wanakwaya kwa urefu. Halafu unaandika namba.

Tatizo ni taa ya barabarani. Imesimama mbele ya mlango wangu kama askari. Nyumba ya Bedan ni ya kona, nyuma yake ni ua mpana na ukuta wa reli, giza tupu. Hata giza amepewa yeye.

Hata hivyo nimeiona. Nilijibanza nyuma ya nyumba, nikaegemeza viwiko kwenye ukuta wa karo ya kufulia, nikaipata. Ndogo, ya manjano kidogo, imetulia. Nikawaza kwamba kule mbali kitu kikubwa kuliko jua kinapumua, na mimi, Phares Owino wa stoo, ndiye ninayekisikiliza. Nilirudi ndani nimejawa furaha. Perez akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia sayansi. Akaniuliza kama sayansi imekula au nipakuliwe.

Alhamisi, 6 Septemba

Mpango wa taa. Ulikuwa mpango mzuri na bado nausifu.

Nilipata turubai kuukuu. Nikalifunga upande mmoja kwenye mfereji wa paa, upande wa pili kwenye nguzo ya kuanikia nguo, nikaweka viti vichache chini ili nibadilishe pembe ya kutazamia. Giza safi likapatikana. Nikaanza kuitafuta nyota.

Sikufikiria turubai mbele ya nyumba, na viti chini yake, maana yake ni nini hapa mtaani.

Kwanza walikuja kina mama wawili wa kanisani na sukari. Wakaketi kimya. Nilidhani wamekuja kupumzika. Kisha wakaja wengine na kuni. Kisha nikasikia kwaya inakuja kutoka upande wa kona, polepole, ikiimba ule wimbo wa safari ya mwisho, na juu ya sauti zote besi ya Bedan. Mimi nilikuwa nyuma ya turubai, darubini usoni, sijapumua.

Perez alikuwa amekwenda soko la Gikomba kununua mboga. Alipofika na kukuta nyumba yake ina matanga, kikapu kilimwanguka. Akaita jina langu, jina langu hasa, sio Baba Anyango kama siku zote. Nikatoka. Mama mmoja akapiga yowe.

Nilieleza. Nilieleza habari za mwangaza, haidrojeni na pembe ya taa. Halafu Perez akaniambia nikafungue turubai lake la kuanikia mtama, akauliza nililitoa lini chini ya kitanda. Watu wakaanza kucheka, chai ikapikwa kwa sukari waliyoleta, na jioni ikaisha vizuri sana.

Ila neno moja. Nilipotoka nyuma ya turubai nilimwona Bedan kabla hajaniona. Alikuwa analia. Machozi ya kweli, yamefika kwenye kola. Sijui nifanye nini na jambo hilo, kwa hiyo naliandika tu hapa na kuliacha.

Jumamosi, 8 Septemba

Tulimpelekea Dakta karatasi pale ukumbini. Ya Bedan ni namba zinazopanda taratibu. Dakta akafurahi. Alisema wenzake wa Chile wametuma habari kwamba uso wa nyota umekuwa ukija upande wetu kwa kasi, na namba za Bedan zinakubaliana na picha hiyo. Namba zangu zinarukaruka kama chura. Dakta akaniuliza kwa upole kama nina hakika nilitazama nyota ileile kila jioni.

Swali la haki. Jumatano nadhani nilikuwa kwa nyota jirani.

Bedan alinipigapiga bega njiani akasema nitazoea tu, Bwana Owino. Nikamshukuru. Nilikula chakula cha jioni nikipanga.

Jumanne, 11 Septemba

Mpango wa kwaya.

Katibu wa kwaya ndiye anayepanga saa za mazoezi. Ni uwezo mdogo lakini ni wangu. Sikukuu ya Mavuno inakaribia. Nimetangaza kwamba kuanzia leo mazoezi yatakuwa jioni giza linapoingia, Jumatatu hadi Jumatano. Mwenyekiti hawezi kukosa. Nyota inaonekana saa hiyohiyo. Bedan atakuwa anaburuta kabati lake ndani ya kanisa wakati mimi naandika namba.

Nilifurahi mchana kutwa. Hata msimamizi wangu kazini aliniuliza kama nimepata habari njema kutoka nyumbani.

Ijumaa, 14 Septemba

Katibu naye hawezi kukosa mazoezi. Hilo sikuliona.

Mbaya zaidi, mimi ndiye pekee ninayejua sauti ya tatu ya wimbo wa Mavuno, na wengine wote wa sauti hiyo hunifuata mimi. Nikikohoa wanakohoa. Basi jioni mbili tumekuwa kanisani, Bedan na mimi, bega kwa bega, huku nyota inapumua peke yake. Bedan alisimama mbele ya wote akanishukuru kwa bidii yangu. Alisema kwaya haijawahi kuwa na katibu kama huyu. Watu walipiga makofi.

Jana na leo mawingu.

Lakini nikiwa natazama karatasi yangu yenye nafasi tupu, wazo lilikuja, na ni zuri kuliko yote. Nyota inapumua. Pumzi inajulikana urefu. Inapanda, inashuka, inapanda. Sasa kama najua inakokwenda, kwa nini niifuate nje kwenye baridi? Nilichukua sahani ya bati ya Perez, nikaiweka kwenye karatasi ya miraba, nikazungusha penseli upande wa juu. Nikaigeuza, nikazungusha upande wa chini. Wimbi safi. Kisha nikasoma namba za kila siku kutoka kwenye wimbi, nikazijaza mpaka mwisho wa mwezi.

Perez aliuliza sahani yake inafanya nini mezani bila chakula. Nikamwambia inafanya unajimu.

Jumamosi, 22 Septemba

Juma la raha. Nimekula chakula cha jioni kikiwa cha moto kila siku ambayo hatukuwa na mazoezi. Nimesikiliza redio. Nimenyoosha miguu.

Leo Dakta aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu. Akasema hajawahi kuona jicho la binadamu likipima laini namna hii. Nikamwambia ni mazoea. Ya Bedan ina mashimo. Jumatatu mpaka Jumatano ameandika "sikutazama, mazoezi ya kwaya," kila juma, bila aibu. Nilimwonea huruma. Nikamshauri njiani kwamba mtaalamu hawezi kuacha mashimo hivyo. Akasema, "Sasa Bwana Owino, niandike niliona nini, na nilikuwa nimesimama karibu na wewe?"

Bedan hana mawazo makubwa.

Nimeanza kufikiria darubini ya bomba itakaa wapi. Perez anataka iwe mbali na jiko.

Jumatatu, 24 Septemba

Leo sikwenda mazoezini. Nilituma habari kwamba koo linauma. Koo halikuwa na shida, lakini Perez alikuwa amepika omena, dagaa wa kwetu ziwani, na nilitaka kuwa karibu nazo.

Baada ya kula Perez akaniambia amechoka kusikia habari za nyota ambayo hajaiona. Anataka kuiona. Tukatoka nyuma ya nyumba. Mbingu safi, hakuna mwezi, hata ile taa ya barabarani ilikuwa imezimika yenyewe. Nikampa darubini, nikamwelekeza: birika, mpini, shuka kidogo.

"Birika nimeliona," akasema. "Na hawa jirani zake wawili nimewaona. Hiyo yako iko wapi?"

"Katikati yao, chini kidogo. Inang'aa kuwashinda."

"Baba Anyango, hapo hakuna kitu kinachong'aa. Kuna kitu kama vumbi."

Nikamnyang'anya darubini. Nikatafuta. Birika, mpini, jirani, jirani. Katikati, vumbi. Nikafuta vioo kwa pindo la shati. Vumbi. Nikapumulia, nikafuta tena. Vumbi.

Nikamweleza Perez kwamba vioo vimepata mafuta ya omena. Akasema mbona jirani hawajapata mafuta. Nikamwambia mambo ya mwanga ni magumu na huenda anahitaji miwani. Akacheka, akarudi ndani kuosha vyombo.

Kwenye karatasi, wimbi langu linasema leo nyota inang'aa vizuri. Na karatasi ilishajazwa kwa kalamu ya wino.

Jumatano, 26 Septemba

Nimeosha darubini kwa sabuni. Sasa haioni vizuri hata birika.

Kuna jambo baya limeniingia akilini na nimelishughulikia. Huenda Bedan ndiye aliyepewa darubini nzuri tangu mwanzo. Leo mazoezini zilikuwa zote mbili zimening'inia kwenye msumari mlangoni, kwa sababu Bedan hubeba yake kila mahali kama mtoto mchanga, na mimi leo nilibeba yangu makusudi. Wakati wa maombi ya kufunga nikabadilisha kamba. Nyeusi ikaenda kwake, kahawia ikaenda kwangu. Ni hila safi, nikajisifu mpaka nyumbani, nikachukua ile yenye kamba nyeusi kama kawaida.

Nilipofika nyumbani nikahesabu upya. Nikibadilisha kamba halafu nichukue kamba yangu, hapo ndipo napata darubini yake. Hilo nililipanga na lilifaulu. Mara moja nimefaulu. Nikatoka nje kwa ushindi, nikatazama.

Jirani, jirani, na katikati hata vumbi hakuna.

Basi jibu ni moja tu. Darubini zote mbili ni mbovu. Dakta ameuziwa vitu vibaya na hajui. Nimemhurumia sana. Nimeamua nisimwambie, asije akavunjika moyo.

Jumamosi, 29 Septemba

Naandika kabla sijasahau yalivyofuatana.

Ukumbi ulikuwa na watu wengi kuliko siku ile ya kwanza, maana ilijulikana kwamba darubini ya bomba itatolewa leo. Perez alikuja na kitambaa kipya kichwani. Alisema mume wake akipewa kitu mbele za watu yeye atakuwepo.

Dakta aliingia anatembea haraka. Bila salamu ndefu akasema Bwana Njogu alimpigia simu juzi Alhamisi. Bedan hakuwa na mazoezi jioni hiyo, akatazama nyota, hakuiona. Akafuta vioo, vilikuwa na sabuni sijui ya wapi, akatazama tena, hakuiona. Hakungoja Jumamosi. Akaenda kupiga simu.

Kisha Dakta akaeleza habari za masizi, ambazo kumbe alikuwa ameshazieleza. Nyota hizi zisizo na haidrojeni zina kaboni nyingi. Mara nyingine, bila onyo, zinatema wingu la masizi, na wingu likikaa kati ya nyota na sisi, nyota inafifia ndani ya siku chache tu, kama taa ya chemni iliyojaa moshi kiooni. Huko ndani haijazimika. Jana usiku wenzake wa Chile waliuona uso wake ukisogea bado. Inapumua vilevile nyuma ya masizi.

"Tunachotaka kujua," akasema, "ni siku ilipoanza. Kuna wanaodhani masizi hutemwa nyota inapofika mahali fulani katika pumzi yake. Tukipata siku, tutajua ilikuwa inafura au inanywea. Chile walikuwa na mawingu Jumatatu mpaka Alhamisi. Bwana Njogu aliiona nzuri Jumapili, akaikosa Alhamisi. Katikati alikuwa na mazoezi. Ni nani aliyetazama katikati?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshampa karatasi.

Dakta akaisoma. Akaisogeza karibu na miwani. "Bwana Owino, Jumatatu umeandika inang'aa."

"Ndiyo, Daktari."

"Jumanne inang'aa. Jumatano inang'aa zaidi. Leo jioni," akatazama dirishani, jua lilikuwa bado linawaka juu ya mapaa, "leo jioni umeandika inang'aa sana. Na kesho pia umeiona."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine. Bedan hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikasimama. Nilisema kwamba kwa kweli Jumatatu niliiona imefifia. Mimi ndiye niliyeiona wa kwanza, kabla ya Bedan, kabla ya Chile. Ila nilidhani ni mafuta ya omena, kwa hiyo nikaandika ilivyopaswa kuwa. Dakta akaniuliza atawezaje kuamini karatasi inayosema hivi na mdomo unaosema vile. Nilikuwa nimeikamata mkononi mwangu, siku ileile wanayoitafuta wataalamu wa dunia nzima, nikaiacha kwa ajili ya sahani.

Ndipo Perez akasimama.

"Daktari, samahani," akasema. "Jumatatu mimi nilikuwepo. Niliona birika, niliona jirani wawili, na pale katikati palikuwa na kitu kama vumbi. Nilimwambia mume wangu. Aliniambia nitafute miwani."

Dakta akamwita mbele, akampa ramani, akamwomba aonyeshe. Perez akaweka kidole mahali penyewe. Akaulizwa jirani yupi alikuwa mdogo zaidi, na kile kitu cha vumbi kilikuwa kidogo kuliko yeye kiasi gani. Akajibu bila kusita, kama mtu anayeulizwa bei ya nyanya. Dakta akaandika kwa haraka. Akasema inaelekea nyota ilikuwa inanywea. Akarudia neno hilo mara mbili, sio kwetu.

Darubini ya bomba alipewa Bedan. Dakta alisema amempa kwa sababu ya mashimo yake. Kwenye karatasi ya Bedan, palipoandikwa kitu, kitu kilikuwepo.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nimelala vizuri, jambo lililonishangaza.

Jana baada ya ibada Bedan alinifuata mpaka mlangoni. Nilidhani amekuja kujisifu. Alikuja kuomba nimsaidie kubeba darubini kutoka ukumbini, kwa sababu ina miguu mitatu na ni nzito, na hawezi kumwamini mtu mwingine. Tukaibeba pamoja mpaka uani kwake. Waringa, mkewe, akatuletea uji. Tulipoisimamisha, Bedan akasema mimi nitazame kwanza. Mwezi ulikuwa karibu nusu, umejaa mashimo, unaonekana kama uji unaochemka. Nilitazama mpaka Bedan akaanza kukohoa kidogo.

Nilimrudishia darubini yake ya kamba ya kahawia, ambayo ilikuwa na kamba nyeusi. Alizitazama zote mbili kwa muda. Akasema, "Bwana Owino, wewe unajisumbua sana." Halafu akanikaribisha tena jioni yoyote.

Dakta pia amenitumia habari. Jarida litataja watazamaji wa Makongeni kwa jina. Litaandika: B. Njogu na P. Owino.

P. Owino.

Perez Owino, bila shaka. Lakini herufi ni herufi. Nimewaambia watu wa stoo kwamba P. Owino atachapishwa ng'ambo. Sikusema uongo hata neno moja. Msimamizi alinipa mkono. Nilimweleza Perez, akacheka mpaka akakaa chini, akasema nichukue hiyo P, yeye ana nyingine.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nilikwenda chuoni kumwomba Dakta kazi nyingine, yoyote. Nilimwambia nimejifunza. Alinitazama kwa muda mrefu kupitia ile miwani. Nadhani alinipenda kidogo, kama mtu anavyompenda mbuzi wa jirani. Akafikiri. Akanipa mawingu.

Ni kazi muhimu. Kila jioni naandika kama anga ilikuwa safi, au ina mawingu kiasi, au imefunga. Hivyo Dakta atajua ni jioni zipi watazamaji walioneshwa nyota na ni zipi walizuiwa. Hakuna darubini, hakuna ramani. Kichwa juu, kalamu chini. Alinisihi jambo moja tu: niandike ninachokiona. Nikamwambia Daktari, mawingu ni makubwa, hata mimi siwezi kuyakosa. Amenipa karatasi za kutosha mpaka mwisho wa mwaka.

Nimefurahi. Bedan ana nyota moja. Mimi nimepewa anga nzima.

Jumatano, 10 Oktoba

Siku njema. Unga mweupe umepatikana dukani. Perez amesonga ugali mzito na tumekula kimya kwa heshima.

Kazi ya mawingu inakwenda vizuri kupita matarajio. Nilikaa nikawaza juu ya mvua za vuli. Mtu aliyeishi Nairobi miaka yote hii anazijua. Zinaanza Oktoba katikati, zinashika Novemba, zinalegea Desemba karibu na Krismasi. Kuna haja gani ya kutoka nje kila jioni kuthibitisha kinachojulikana? Tangu jana nimejaza Oktoba yote na Novemba yote. Desemba nimeacha jioni chache safi, ili ionekane nilitazama. Wino mzuri, mwandiko mzuri. Dakta atasema hajawahi kuona jicho kama hili.

Sasa nimenyoosha miguu, chai iko mkononi. Perez ameniita kutoka uani. Anasema nije nione, mwezi mpevu umetoka juu ya ukuta wa reli, mbingu ni nyeupe kama shuka lililofuliwa, hakuna wingu hata la dawa, na Bedan anatungoja.

Nimemwambia afunge mlango, upepo unaingia. Leo anga imefunga kabisa. Nimeshaandika.